Kiti cha Kumpumzisha Afande

Ifahamike kwa watu wote, wakubwa kwa wadogo, walioko bwenini, walioko bwaloni na walioko zahanati wakijifanya wana homa, kwamba shule hii ya bweni ya wasichana, kwa kauli moja na bila kupingwa na kiumbe chochote chenye akili timamu, imeazimia kumuenzi mwanajeshi mstaafu aliyeitumikia nchi kwa jasho na damu, na kwamba heshima atakayopewa itakuwa kubwa, ya kudumu, na ya aina ambayo haijapata kuonekana tangu jiwe la msingi liwekwe.

Heshima yenyewe ilikuwa kiti.

Tena kiti cha sofa, cha mtu mmoja, rangi ya maharage yaliyoungua, kilichokaa dukani muda mrefu hadi mwenye duka akawa anakilalia mchana. Mwalimu Mkuu, aliyetoa tangazo hilo kwenye mstari wa asubuhi, hakusema neno kuhusu usingizi wa mwenye duka. Alisema "kiti cha heshima." Alisema "shujaa wetu sasa apumzike." Hapo kipaza sauti kikapiga mluzi, wasichana wote wakaziba masikio, na tukio la kihistoria likawa limezinduliwa.

Mmoja tu hakuziba masikio. Alikuwa amesimama mstari wa tatu, mikono imemlegea. Shule nzima ilimwita Kiherehere. Hakuwa mtoto mbaya. Hilo alikuwa akilisema mwenyewe mara kwa mara, hasa akiwa amepiga magoti nje ya ofisi. Ndiye aliyeivisha mifupa ya maabara gauni la kulalia la matroni na kuipanga kwenye foleni ya chakula cha jioni. Mpishi, ambaye hana kawaida ya kutazama nyuso, aliipakulia.

Na huyo shujaa wa kupumzishwa alikuwa mama yake mdogo.

Mtoto mwingine angevimba kichwa. Kiherehere alitamani ardhi ipasuke, imeze kiti.

Sababu yake ilikuwa nyumbani, na alikuwa ameiona kwa macho yake Jumapili ya ruhusa. Mama yake mdogo, ambaye mtaa mzima ulimwita Afande, alikuwa ameendesha lori la majeruhi jeshini miaka nenda miaka rudi, akastaafu na cheo cha koplo, begi moja la turubai, na miguu isiyojua kutulia. Alifikia kwa dada yake, mama wa Kiherehere, fundi cherehani, katika nyumba ya vyumba viwili na sebule ambayo nusu yake ni vitambaa. Mtaa ukampokea kwa heshima. Heshima ikazidi, ikawa kero. Dukani hakuruhusiwa kubeba hata kilo ya sukari: "Acha, Afande, kijana ataleta." Kwenye harusi aliwekwa mbele kama keki, tofauti ni kwamba keki hukatwa ikaisha. Nyumbani ndiyo usiseme. Akishika ufagio, ananyang'anywa. Akishika mkasi akate nyuzi, dada yake anaruka kutoka kwenye cherehani.

"Weka chini huo mkasi! Umetumikia nchi, sasa nasi tukutumikie."

"Dada, ni uzi tu."

"Hata kama. Kaa hapo kwenye kochi, uegemee."

"Basi nimenye hata kitunguu."

"Kitunguu kitakuliza, na wewe umeshalia ya kutosha."

Kwa hiyo Afande alikuwa anatembea. Kutoka tangi la maji hadi geti, kutoka geti hadi tangi la maji, hadi uani pakawa na njia kama ya mbuzi. Aliyetaka kuzungumza naye ilibidi atembee naye, na katika ukoo mzima aliyekuwa na pumzi ya kazi hiyo ni Kiherehere peke yake. Jumapili hiyo walikwenda wakarudi, wakaenda wakarudi, na Kiherehere akamfikishia mwaliko wa sherehe ya shule, ambao haukutaja kiti.

"Nitakuja," Afande alisema, "kwa sababu mwalikaji ni wewe. Nikitoka hapo naunganisha."

"Unaunganisha kwenda wapi, Mamdogo?"

"Stendi. Napanda basi la kwanza nitakalolikuta linanguruma."

"Linaenda wapi?"

"Hilo ni swali la dereva, si la abiria."

Kiherehere alicheka, kisha akaona anacheka peke yake. Begi la turubai lilikuwa nyuma ya mlango, limefungwa kamba.

"Mama anajua?"

"Mama yako atalia. Akimaliza kulia ataniletea mto wa kuegemea." Waligeuza kwenye tangi. "Sikiliza, mwanangu. Wewe ni mkubwa, nikwambie. Nyuma ya lori wamelala majeruhi, mimi niko mbele, siwaoni, kati yetu kuna bati. Tukakubaliana: anayeweza, agonge. Wakigonga, wapo. Wakinyamaza, nakanyaga mafuta. Sasa huku kila mtu ananiambia tulia. Nikitulia nasikiliza. Nikisikiliza, hakuna anayegonga. Nitakaaje hapo?"

Kiherehere, aliyekuwa na mzaha wa kila shughuli, misiba ikiwemo, alipekua mifukoni mwa akili yake akaikuta mitupu. Basi akauliza swali la kwanza lililomjia, ili tu mazungumzo yasife.

"Na hilo lori usiku mlikuwa mnalifunga na nini?"

Afande alipunguza mwendo kidogo. "Kufunga! Milango yenyewe ilifungwa kwa waya. Unafungua boneti, unatoa kifuniko cha pale moto unapogawiwa kwenda kwenye plagi, unachomoa rota. Kidude cheusi hivi, kama kidole gumba. Bila rota, injini itazungushwa mpaka betri ikate roho, haiwaki. Unaitia kwenye soksi, unalala nayo. Mwizi akija, amepata lori zuri la kukaa ndani akisubiri mvua ipite."

"Mbona hujawahi kunisimulia?"

"Nani aliniuliza? Watu wote huniuliza kama niliua mtu."

Ndiyo maana Kiherehere hakulifurahia tangazo la kiti. Aliona jambo zima kama picha ya ukutani: sherehe inaisha, makofi yanapigwa, mama yake mdogo anashukuru, anachukua begi, anaondoka na basi linalonguruma. Na kilichomsukuma mlangoni ni hicho kiti.

Kwanza alijaribu njia ya halali, jambo lililomshangaza hata yeye. Alibisha hodi ofisini.

"Mwalimu, naomba kutoa wazo."

Mwalimu Mkuu hakuinua macho. "Wazo lako la mwisho lilivaa gauni la matroni."

"Hili halijavaa kitu, Mwalimu. Mzee Gia anaacha kazi muhula huu, anasema siku hizi anaona barabara mbili na hajui ipi ya kufuata. Shule inatafuta dereva. Mama yangu mdogo ni dereva. Badala ya kiti..."

"Mtoto wewe!" Sasa macho yaliinuka. "Mtu amepita kwenye risasi, leo tumkabidhi makabichi na magunia ya unga? Wazazi watatuelewaje? Shujaa hapewi kazi. Shujaa hupumzishwa."

"Hataki kupumzika, Mwalimu."

"Hakuna asiyetaka kupumzika. Mimi mwenyewe nataka, ila kuna mtu ananizuia, na mtu huyo amesimama juu ya zulia langu na viatu vyenye matope."

Njia ya halali ikawa imefika mwisho wake. Kiherehere alitoka akiwa na dhamiri safi kabisa, kama mtu aliyeshapiga hodi na kunyimwa, na sasa anaruhusiwa kuingia kwa dirishani.

Usiku ule na uliofuata hakulala. Alijigeuza kitandani hadi msichana wa kitanda cha chini, rafiki yake waliyemwita Kasuku, akatishia kuhama. Lakini kulipokucha alikuwa na mpango, na mpango ulikuwa mzuri hadi akauogopa. Kiti kile hakiingii kwenye teksi. Lazima kibebwe na lori la shule. Lori lile ni kongwe, la petroli, limerithiwa mara nyingi. Likigoma mbele ya umati, Mzee Gia atahangaika, na mama yake mdogo, aliye na injini ndani ya damu, hataweza kujizuia. Atakunja mikono ya shati, ataliamsha, shule nzima itapiga vigelegele, na Mwalimu Mkuu ataona kwa macho yake mawili kitu alichokataa kukisikia kwa masikio.

Siku ya sherehe ilifika. Lori lilikuwa limeoshwa na kuegeshwa kando ya uwanja wa michezo, mkia umefunguliwa tayari kupakia. Mzee Gia, amevaa tai iliyomfikia kitovuni, alikuwa akilifuta vioo. Kiherehere akamtuma Kasuku.

"Nenda kamuulize safari yake ya kwanza ilikuwaje."

"Kwa nini?"

"Kwa ajili ya historia."

Ilikuwa ni mara ya kwanza maishani kwa Kasuku kutunza siri, na aliweza kwa sababu hakuambiwa. Mzee Gia aliianza safari yake ya kwanza tangu alipozaliwa baba yake. Alipofika kwenye kununua viatu vya safari, Kiherehere alishafungua boneti, akatoa kifuniko, akachomoa kidude cheusi kama kidole gumba, akarudisha kifuniko, na rota ikawa imelala kwenye soksi yake ya kushoto, ikimchoma kifundo cha mguu.

Afande alifika na begi lake la turubai. Walitaka kumpokea, akakataa kuliachia. Wakampandisha jukwaani, wakamketisha kwenye kiti chenyewe, na kiti kikammeza hadi mabegani. Kutoka kwenye kikosi cha gwaride, Kiherehere aliona goti la mama yake mdogo likichezacheza. Kwaya iliimba, goti likacheza. Mwalimu wa historia alisoma utenzi wake mwenyewe, beti zote, goti likacheza. Macho ya Afande yalikwenda getini, yakarudi, yakaenda getini. Kikosi kilipopita mbele kwa gwaride, Kiherehere alikuwa akichechemea, na kiongozi wa kikosi akamnong'oneza kwa hasira: "Kushoto, kulia, si kushoto, aa!"

"Na sasa," Mwalimu Mkuu alisema, "shujaa wetu atuambie neno kutoka kwenye kiti chake."

Afande alihangaika kuinuka, akafaulu safari ya pili. Alikitazama kiti, akautazama umati.

"Asanteni," alisema. "Ni kiti."

Makofi yalipigwa kwa muda mrefu, maana wote walifikiri ndiyo kwanza anaanza.

Basi kiti kikabebwa na wasichana sita hadi pembeni mwa lori. Afande akafuata nyuma, begi begani, akiwa ameshamwambia Mwalimu Mkuu kuwa kiti kitangulie kwa dada yake, yeye ana pa kupitia. Kiherehere alisikia hilo "ana pa kupitia" akajua ni stendi. Mzee Gia akapanda, akawasha. Lori likakohoa. Likakohoa tena. Likaendelea kukohoa kama mzee anayetaka kutoa usia na hauoni.

"Leo tena, Mzee?" Mwalimu Mkuu alisema kwa meno. "Leo hii?"

"Asubuhi lilikuwa zima, Mwalimu. Naapa."

"Kila siku asubuhi linakuwa zima!"

"Mama yangu mdogo anajua magari!" Sauti ilimtoka Kiherehere kabla hajaipanga.

"Nyamaza! Mgeni rasmi ashike grisi?"

Lakini mgeni rasmi alishaweka begi chini. Alikuwa anakunja mikono ya shati, zamu moja, zamu mbili, na uso wake ulikuwa umefunguka namna ambayo Kiherehere hakuwahi kuiona nyumbani. Aliinua boneti. Akainama. "Izungushe kidogo, mzee wangu... basi, inatosha." Akanusa. Mikono yake ikaenda mahali pake bila kuulizwa, ikafungua kifuniko.

Hapo ikasimama.

Afande alitazama ndani ya kile kitundu kwa muda ambao Kiherehere aliuona mrefu kuliko utenzi wa mwalimu wa historia. Kisha akarudisha kifuniko polepole, akashusha boneti, akafuta vidole kwenye suruali. Akageuka, na macho yake yakaruka vichwa vyote vya uwanjani, yakatua kwa mmoja. Maana ni mtu mmoja tu aliyewahi kuuliza lori lilifungwa na nini.

"Gari halina ubovu," alisema. "Na dereva hana kosa, Mwalimu, usimgombeze." Alipita karibu na Kiherehere akiliendea begi, na sauti ikashuka ikawa ya watu wawili. "Mtoto akililia kupika, mama humkatia donge la unga akachezee pembeni. Wao wamenipa kiti. Wewe umenipa donge la unga. Afadhali kiti, mwanangu. Kiti hakikujifanya."

Akatupia begi begani, akashika njia ya geti.

Kiherehere aliwahi kuadhibiwa kwa fimbo, kwa kufyeka nyasi, kwa kusugua masufuria ya bwalo, na mara moja kwa kuandika barua ya kuiomba radhi mifupa. Hakuna lililowahi kumuuma kama mgongo ule unaokwenda. Miguu ilitaka kukimbia, lakini mdomo ulikuwa na mazoea zaidi.

"Ni mimi!" alipiga kelele. "Rota nimechukua mimi! Mzee Gia hajui kitu! Ni mimi, Mwalimu!"

Mgongo ukasimama.

"Nilijua," alisema Mwalimu Mkuu. "Sijui ni nini hiyo rota, lakini nilijua."

Afande alirudi hatua chache, akanyoosha mkono. "Ilete."

Na hapa ndipo ibilisi anapokaa. Rota ilikuwa pale pale, imelala kwenye soksi, inamchoma. Kuinama tu na kuitoa. Lakini Kiherehere alishaona kitakachofuata: itarudishwa, lori litanguruma, kiti kitapakiwa, yeye atapelekwa ofisini, na mama yake mdogo atafika getini na kuvuka. Ulimi ukateleza peke yake.

"Imeanguka, Mamdogo."

"Imeanguka wapi?"

"Kwenye gwaride. Hapa uwanjani. Sijui wapi."

Sauti ya watu mia kadhaa wakivuta pumzi ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Uwanja ule ulikuwa mpana, nyasi zake zinafika kifundoni, kwa sababu mfyekaji wake wa kawaida, Kiherehere, alikuwa na siku nyingi hajaadhibiwa. Mzee Gia akashika kichwa. "Rota ya gari hili haipatikani tena madukani," alisema. "Hata mimi sipatikani tena." Akatafuta pa kukaa, akaona kiti cha sofa kimesimama peke yake kwenye nyasi, akajitupa ndani. Alivyoegemea na kufumba macho, ilionekana kabisa kwamba kiti hatimaye kimepata mwenyewe.

Wasichana wakaanza kutawanyika huku na huku, wameinama, wanagongana vichwa, wanaulizana rota inafananaje. Mmoja alishaokota kifuniko cha soda na kukipeleka kwa Mwalimu Mkuu, ambaye alikipokea kwa shukrani.

"Simama!" Afande alisema.

Hakupiga kelele. Lakini kila aliyekuwa na mguu hewani aliuacha hewani.

"Mkitafuta hivyo mtaikanyaga, iingie ardhini, iote. Njooni wote mstari mmoja, kutoka goli hili hadi lile. Bega kwa bega. Magoti chini. Kila mtu na kipande chake mbele ya magoti yake, usitazame cha jirani, jirani ana macho. Ukimaliza kipande chako unasema 'safi'. Wa pembeni yako akimaliza naye aseme. Ikifika mwisho wa mstari, wote mbele hatua moja. Hakuna anayetangulia, hakuna anayebaki."

"Na mimi?" aliuliza Mwalimu Mkuu, kifuniko cha soda mkononi.

"Kuna pengo pale, Mwalimu, kati ya huyo mrefu na huyo wa miwani."

Mwalimu Mkuu alitazama sketi yake mpya. Akatazama pengo. Akaenda, akapiga magoti, na ikafahamika baadaye kwamba hiyo ndiyo mara ya kwanza shuleni pale kwa Kiherehere kumwona Mwalimu Mkuu naye amepiga magoti. Hakucheka. Alikuwa amepiga magoti upande wa kushoto wa mstari, soksi inamchoma kama moto.

"Safi!" alisema wa kwanza.

"Safi!"

"Safi!"

Sauti ikapita kwenye mstari kutoka goli hadi goli, moja moja, nyembamba kwa nzito. Ilipofika mwisho Afande aliinua mkono, mstari ukasogea, ikaanza upya. Jua liliwachoma visogo. Magoti yalikwaruzika. Mwalimu wa historia aliuliza kama wangeweza kufanya kwa kubadilishana, akajibiwa, "Mwalimu, kipande chako hujasema." "Safi," alisema mwalimu wa historia kwa unyonge. Kasuku alijaribu kumweleza jirani yake safari ya kwanza ya Mzee Gia, akaitwa kwa nafasi yake kwenye mstari: "Wewe wa kumi kutoka mwisho, tafuta kwa macho, usitafute kwa mdomo." Wasichana wakaangua kicheko, na Afande naye akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyekuta nguo yake ya zamani bado inamtosha.

Kiherehere alikuwa akimwangalia kwa chini ya kope. Goti halichezi. Macho hayaendi getini. Afande alikuwa amesimama mahali pamoja, miguu imekaza, kichwa kimeinamishwa upande kama anayesikiliza kitu nyuma ya bati, na kila "safi" ilipotoka alitikisa kichwa kidogo. Begi alilitua mahali fulani. Halikuwa begani.

Ilipaswa iwe furaha. Kwa Kiherehere ilikuwa mateso, maana kila mstari uliposogea, uwanja ulipungua. Mbele yao zilibaki nyasi za robo tu, kisha ukuta, na ukutani ukweli utakuwa unawasubiri. Alifikiria kuitupa rota mbele kwa siri, mtu aiokote, wote washangilie. Lakini ikiokotwa, basi la stendi limenguruma. Akafikiria kuizika. Akafikiria kuimeza.

"Safi!" alisema jirani yake wa kulia, na zamu ikawa yake.

Alifungua mdomo. Hakikutoka kitu.

Mstari mzima ukasubiri. Afande alikuja taratibu, akachuchumaa mbele yake.

"Kipande chako kina nini?"

"Hakina kitu, Mamdogo."

"Basi sema safi."

Alijaribu. Ilitoka kama mluzi wa kile kipaza sauti.

"Na huo mguu?"

"Mwiba."

"Tangu kwenye gwaride? Nilikuona. Nikadhani umejikwaa. Vua kiatu."

"Mamdogo..."

"Vua. Na soksi."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Kiherehere ilikuwa na urefu wa soksi moja ya shule. Rota ilidondokea kwenye kiganja cha Afande ikiwa na joto la mtu. Mgongo wa Afande uliwakinga wengine wasione. Aliigeuza, akaifuta kwa kidole gumba, na Kiherehere akasubiri mikono ile iinuke na kuionyesha, akasubiri vigelegele, akasubiri lori.

Afande aliitia mfuko wa shati, akafunga kifungo.

"Huyu ana mwiba!" alitangaza. "Nakaa kwenye pengo lake nimsaidie. Mstari, mbele hatua moja! Upande wa ukutani bado hatujaufikia."

"Safi!" ilianza tena kule mbali. Afande alipiga magoti kwenye nyasi, bega lake likigusana na bega la Kiherehere, akaanza kupekua kipande chake kwa makini, kana kwamba kweli anatafuta.

"Haya," alinong'ona bila kumtazama. "Yote. Kabla zamu haijafika kwetu."

"Rota niliichomoa mimi."

"Hilo umeshasema mbele ya watu. Endelea."

"Haikuanguka. Haijatoka kwenye soksi hata kidogo. Nilidanganya."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ikipatikana unaondoka. Nilitaka Mwalimu Mkuu akuone ukifanya kazi, lakini hilo lilikuwa la kwanza, na halikuwa la kweli sana. La kweli ni kwamba sitaki uondoke. Nyumbani hakuna mwingine wa kutembea naye. Sikujua jinsi ya kukuambia, kila mtu anakuambia tulia, nikaona nami nikisema utanihesabu na wao." Pua ilikuwa ikimchuruzika, akaifuta kwa mkono wenye udongo. "Nimewatesa watu wote hawa, Mamdogo, na Mwalimu Mkuu amechana sketi, nimeisikia. Na ungechelewa kunishika ningeongeza uongo mwingine. Nilishauandaa."

"Upi?"

"Kwamba rota imemezwa na ng'ombe."

Afande alisukuma nyasi upande, akatazama chini yake, akazirudisha.

"Hapa shuleni hakuna ng'ombe," alisema.

"Ningemtafuta, Mamdogo," alisema Kiherehere. "Wallahi ningemtafuta."